Unabii Usiotimia

Ukimpima Yona kwa kanuni ya Kumbukumbu la Torati sura ya 18, nabii huyu ameanguka. Kanuni ni nyepesi: anayenena kwa jina la Bwana na neno lake lisitokee, hakutumwa. Yona aliupa mji wa Ninawi siku arobaini. Siku zikapita na mji ukabaki umesimama, mwenyewe akiwa ameketi upande wa mashariki, amenuna.

Hata hivyo hakuna kanisa linalomwita Yona nabii wa uongo, na sababu inajulikana. Waninawi waliamini. Mfalme alishuka kitini akavaa gunia. Hata mifugo ilivikwa magunia (kitabu hiki kina ucheshi wake). Imani yao ndiyo iliyouzuia unabii usitimie.

Fumbo ni hapo. Tumezoea kudhani kwamba kutokuamini ni kukosa ushahidi tu: mtu anangoja aone, akiona ataamini. Kwa habari za mvua au bei ya mahindi, subira hiyo ni busara. Lakini neno la onyo likishatamkwa, ushahidi unaongojwa ni mji kuteketea. Anayesema "tusubiri tuone" anajiona yuko katikati, kumbe kule kusubiri kwake ndiko kunakolitimiza neno.

Nabii Yeremia naye aliponea chupuchupu kwa unabii ambao haukutimia. Makuhani walipotaka auawe kwa maneno aliyosema hekaluni, wazee wa nchi walikumbusha kwamba zamani za mfalme Hezekia, Mika wa Moreshethi alitabiri Yerusalemu kuwa magofu. Hezekia hakumuua; alimcha Bwana, na mji ukasalimika. Wazee wale hawakusema Mika alikosea. Kuta zilizosimama waliziona kuwa dalili kwamba nabii alisikilizwa. Sijui wahubiri wangapi leo wangefikia hoja hiyo.

Mfalme wa siku zao, Yehoyakimu, hakuifikia. Yapata mwaka 604 KK, wakati wa baridi, alisomewa gombo la Yeremia akiwa ameketi mbele ya moto. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne, zilikatwa kwa kisu na kutupwa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Watu watatu walimsihi, akakataa. Yosia baba yake, aliposomewa kitabu cha torati kilichopatikana hekaluni, alirarua mavazi yake. Mwana aliyaacha mavazi yakiwa mazima, akaangamiza gombo.

Kinachonishangaza ni kwamba alisikiliza. Asiyejali angesinzia, au angemfukuza msomaji tangu ukurasa wa kwanza. Huyu alisikia, akaelewa, akakata. Hakupungukiwa na habari. Waraka kwa Waebrania nao unapokemea kutokuamini, unaulaumu moyo wala hauilaumu akili.

Msomaji makini atauliza: je, huu si ujanja? Neno likitimia, nabii alisema kweli; lisipotimia, watu walitubu. Nabii gani basi atakosea? Swali ni zito, na matapeli wanaujua vizuri mwanya huo. Lakini Biblia haikuuacha wazi. Hanania alipotabiri kwamba vyombo vya hekalu vingerudi kutoka Babeli katika miaka miwili, Yeremia aliitikia amina, kisha akaweka sharti: nabii wa amani hujulikana neno lake linapotokea. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa juu ya anayeahidi mema. Anayeonya hutaka watu wageuke, na wakigeuka onyo lake limefanya kazi. Anayeahidi neema asiyeidai toba hana pa kujifichia siku ikipita. Neema ya Hanania haikuja: mwaka ule ule alikufa, na vyombo vilibaki Babeli.

Kwa hiyo akikutabiria mtu gari na viza kabla ya Desemba, iandike tarehe hiyo, na Januari umuulize mbele ya watu.