Pauni 175 za Kuhama Benki

Wanangu mlioko Uingereza, hizo pauni 175 chukueni. Nimewasikia mkibishana kama ni utapeli. Si utapeli. Benki kubwa za huku, NatWest, Santander, First Direct, Nationwide na wenzao, zimekuwa zikimpa fedha taslimu mteja anayehamishia akaunti yake kwao, mara nyingi kati ya pauni 100 na 200. Ofa huja na kuondoka. Uliyoiona leo huenda mwezi ujao haipo. Ila nina maneno kidogo kabla hamjabonyeza kitu, maana nawajua: mnasoma kiasi, masharti hamsomi.

Mjue kwanza kwa nini mnalipwa. Watu wa huku hawana mazoea ya kuhama benki. Mwaka 2011, baada ya ule msukosuko wa mabenki, tume ya serikali iliyoongozwa na John Vickers ilipendekeza kuhama kurahisishwe ili mabenki yagombee wateja. Septemba 2013 ukaanza mpango uitwao Current Account Switch Service. Zamani ilikuwa kazi ya wiki kadhaa, barua huku, barua kule. Sasa ni siku 7 za kazi. Wewe unaiambia benki mpya tu. Yenyewe ndiyo inayozungumza na ile ya zamani, inahamisha salio, maagizo ya kudumu na dairekti debiti zote, yaani malipo yanayokatwa yenyewe, kisha akaunti ya zamani inafungwa. Mshahara ukienda kwenye namba ya zamani unaelekezwa kwenye mpya, na huduma hiyo inaendelea kwa miaka 3. Uhamisho ukiharibika ukatozwa ada, unarudishiwa.

Basi ikiwa kuhama ni rahisi hivyo, kwa nini wakulipe? Kwa sababu wanajua ukishaingia hutoki tena. Pesa zako zitalala kwao bila faida. Siku ukikwama utaingia kwenye ovadrafti, yaani kutumia zaidi ya ulichonacho, ambayo benki nyingi kubwa huitoza karibu asilimia 40 kwa mwaka. Baadaye utachukua kadi yao ya mkopo, na siku ya kutafuta nyumba utaanza kuuliza kwao. Hiyo 175 wanaitoa wakiwa wameshapiga hesabu ya uvivu wako wa miaka 10. Mtu akipokea zawadi halafu akakaa kwenye ovadrafti ya pauni 500 mwaka mzima, gharama yake inakaribia 200. Zawadi imerudi ilikotoka, na nauli juu.

Wapo wanaoniuliza kama zawadi hiyo ni riba. Mimi si sheikh, waulizeni wenye elimu. Ninachosema ni kwamba nimewaona vijana wakijadili uhalali wa zawadi huku wenyewe wamo ndani ya ovadrafti, na hilo hawamuulizi mtu.

Masharti yenyewe si magumu. Kwa kawaida utatakiwa uingize pauni 1,000 au 1,500 ndani ya siku 60 hivi, uwe na dairekti debiti 2, na pengine ulipie vitu kadhaa kwa kadi mpya au uingie kwenye programu yao ya simu. Katika ofa nyingi pesa hizo hazilazimiki kukaa. Mshahara ukipita tu, yatosha. Wanaonyimwa mara nyingi ni wale waliowahi kuwa na akaunti hapo, au waliokwisha kula zawadi ya benki hiyo hiyo. Siku unayoomba, upige picha ukurasa wa masharti na uihifadhi. Ukija kuambiwa hukustahili, uwe na cha kuwaonyesha.

Sasa lile ambalo tangazo halisemi. Mpango huu unahamisha malipo yaliyofungwa kwenye namba ya akaunti. Yaliyofungwa kwenye namba ya kadi, zile tarakimu 16 za mbele, hauyagusi, na kadi ya zamani inakufa siku akaunti inapofungwa. Filamu za mtandaoni unazolipia kwa kadi zikikatika, utajua usiku huo huo. Lakini ile programu unayotumia kutuma pesa nyumbani nayo inakata kwenye kadi. Umeipanga kila tarehe 28 itume yenyewe: ada ya mdogo wako Tanga, dawa za presha za bibi yako Likoni. Kadi imekufa, ujumbe wa kushindwa umeingia kwenye barua pepe usiyoifungua, nawe una amani moyoni kwamba umetuma. Bibi hatakupigia. Wazee wetu wana haya ya kudai. Atasema mtoto amebanwa huko, atakopa dukani, na dawa atameza nusu nusu mpaka mtu mwingine wa nyumbani akwambie. Kwa hiyo kabla ya kuhama, kaa chini na taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, kalamu mkononi, utie alama kila malipo yaliyopita kwa kadi. Yapo yanayokuja mara moja kwa mwaka, kama bima ya gari, na hayo ndiyo husahauliwa.

Ila kuna njia bora, nami naipenda zaidi: usiiguse akaunti yako kuu. Fungua ya pili, hata kwenye benki hizi za simu kama Monzo au Starling, uiwekee dairekti debiti 2 ndogo, kisha uhamishe hiyo. Mshahara na kadi vinabaki pale pale, na nyumbani hawatajua kama kuna kilichotokea. Msifungue tu akaunti mfululizo kama mnanunua vocha, maana maombi haya huweza kuacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo.

Mnaoandaa viza ya mke au mume, au mkopo wa nyumba, tulieni kwanza. Anayeombea viza kwa mshahara wake wa kuajiriwa kwa kawaida hudaiwa hati za mshahara za miezi 6 pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara huo huo ukiingia. Akaunti ikishafungwa, programu yake nayo inafungwa, na kuomba taarifa za zamani kwa simu ni kusikiliza muziki wa kusubiri hadi uukariri. Pauni 175 hazilingani na kuchelewesha mtu uliyefunga naye ndoa. Hata asiye na viza ya kuomba, apakue taarifa zake zote kabla ya kuondoka.

Binamu zenu wa Marekani nao wana ofa za namna hii, na huenda zikawa kubwa zaidi, lakini kule mabadiliko ya malipo unayashughulikia mwenyewe, na zawadi huripotiwa kwa mamlaka ya kodi, IRS, kama riba. Wasile yote, wabakishe ya kodi.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonikalisha kuandika. Kuna ujumbe unaowafikia vijana kwenye Snapchat na kwenye makundi ya wanafunzi: una akaunti? Pokea 1,000, tuma 900, zako 100. Anayekuletea huwa mtu wa rika lako, pengine mnasali pamoja, naye atakwambia ni ofa ya benki kama zile nyingine. Benki inamlipa mteja ahamie kwake. Haimwombi kamwe apitishe pesa za mtu mwingine. Hizo ni pesa za wizi, na sheria ya hapa inamwita anayezipitisha msafishaji wa fedha haramu, kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Hata usipofika mahakamani, akaunti hufungwa na jina lako laweza kuwekwa alama kwenye rekodi za Cifas, shirika la kuzuia ulaghai, kwa miaka 6. Kwa alama hiyo hata mkataba wa simu ni shida kuupata, sembuse nyumba. Na wanaorudi nyumbani moja kwa moja baada ya masomo, kuna watu huwafuata kununua akaunti zao. Msiuze. Zifungeni.

Kama pesa za namna hiyo zimeshaingia kwako, usizitumie, usizitume mbele, na wala usimrudishie aliyezileta hata akitisha. Hifadhi ujumbe wake wote, kisha upige simu benki leo hii, kwa namba iliyo nyuma ya kadi au 159, ambayo inakuunganisha na benki nyingi za huku. Ukiona huwezi kuzungumza nao peke yako, njoo nyumbani tupige pamoja. Kugomba nitagomba, lakini baada ya simu.