Nyota ya Mtu na Mmea Wake

Kijana mmoja wa huku Kyela alitujia juma la pili baada ya mazishi ya mama yake, akatuuliza ni ua gani limfaalo marehemu kaburini. Alikuwa na orodha aliyoipata katika simu: aliyezaliwa chini ya nyota ya Simba hupandiwa alizeti, wa Mizani hupandiwa waridi, na kadhalika mpaka nyota zote kumi na mbili. Tukamwuliza, "Mama yako alizaliwa siku gani?" Akanyamaza. Alijua tu ya kuwa alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga.

Wasomaji wetu, tusimcheke. Kutazama mbinguni kabla ya kupanda si upuzi. Watu wa pwani waliliita lile kundi dogo la nyota Kilimia, kwa ajili ya kulima. Nasi huku, mwezi wa Novemba, likichomoza mashariki wakati wa machweo, twajua mvua zi karibu. Hapo nyota ni kama saa ya ukutani: yaonyesha wakati, haituamuru.

Lakini ile orodha ni jambo jingine. Nyota hizo kumi na mbili zilipangwa Babeli zamani sana, na tangu hapo mambo ya anga yamesogea: Machi 21, wanajimu wasemapo jua limeingia Kondoo, kwa kweli limo bado katika Samaki. Na hiyo alizeti? Asili yake ni Amerika. Watu wa Babeli hawakuiona kamwe, wala Ulaya haikuijua kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Basi ni nani aliyempa Simba? Ni mtu tu, aliyeona ua la manjano la duara akakumbuka jua. Kakao yetu nayo yatoka huko huko Amerika, nayo yastawi kwa joto, kwa mvua na kwa udongo ulioletwa na mito kutoka Rungwe, pasipo kutafutiwa nyota.

Hata hivyo linalotusumbua si kosa la hesabu. Hata kama orodha ingekuwa sahihi, ingemwambia kijana yule habari za watu wote waliozaliwa mwezi mmoja, wala si za mama yake. Aulizaye nyota apate kujua ampe mwenziwe nini, je, hajaacha kumtazama huyo mwenziwe? Twaogopa kwamba orodha hupendwa kwa kuwa yatupunguzia kazi ya kukumbuka. Nasi twakiri, katika msiba kukumbuka kwauma, na orodha haiumi.

Tukamwuliza tena, "Mama alipanda nini mlangoni pake?" Akafikiri. Maua hakuwa nayo. Alikuwa na mchaichai, akiukata kila alipofika mgeni, na watoto wakikemewa wasiukanyage.

"Lakini huo si ua," akasema.

Tukamwambia twajua. Juma lililofuata tulipita njia ya makaburini, tukaona kichaka kidogo cha mchaichai, kimezungushiwa vijiti ili mbuzi wasikile.