Kalamu Nayo Ina Kwao

Kwenye kaunta za ofisi nyingi za umma kalamu hufungwa kwa uzi. Uzi wenyewe huwa wa nailoni au wa katani, umezungushwa shingoni mwa kalamu mara tatu nne, ukakazwa kwa selotepu iliyokwisha kugeuka rangi, na ncha yake ya pili imepigiliwa msumari mezani. Mtu akija kujaza fomu huivuta. Uzi ukiwa mfupi humbidi ainame mpaka kidevu kikaribie ubao, ndipo saini yake ifike kwenye mstari. Akimaliza huiachia, nayo kalamu huning'inia pembeni mwa kaunta ikizunguka taratibu, mpaka mwingine aje aidake.

Waliofunga uzi huo si wa kulaumiwa. Kalamu za ofisini huondoka, na kila aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta anajua zinavyoondoka. Kinachosikitisha ni kwamba kalamu ile, inayotumiwa kuandikishia vizazi, vifo, ndoa na mashamba, imefungwa bila kuwekewa mahali pa kukaa. Kwa karne nyingi haikuwa hivyo. Watu walioandika mambo mazito waliijengea kalamu nyumba kwanza, kisha ndipo wakaishika.

Wasemaji wa Kiswahili wana sababu yao ya kulijali jambo hili, kwa kuwa lugha imelihifadhi. Neno dawati limetoka kwenye Kiarabu, dawat, na huko halikuwa na maana ya meza. Lilikuwa kidau cha wino, au kijisanduku kinachobeba kidau pamoja na kalamu zake. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likakua: likawa kisanduku cha vifaa vya kuandikia, kisha meza nzima, na leo ni kiti na meza ya mwanafunzi kwa pamoja. Kidau nacho, kwa umbo la neno, ni dau dogo, isipokuwa hili hubeba maji yake ndani badala ya kuelea juu yake. Mwaka 2016, Tanzania ilipoendesha kampeni kubwa ya madawati ili watoto waache kukaa sakafuni, nchi nzima ilikuwa ikitamka jina la kidau cha wino kila siku.

Neno hilohilo liliwahi kuwa cheo. Katika Misri ya Wamamluki, waliotawala kuanzia 1250 hadi 1517, alikuwako ofisa aliyeitwa dawadar, yaani mshika kidau. Kazi ilianza kama ilivyotajwa: kumbebea mtawala kidau chake na kumletea barua za kutiwa saini. Lakini anayekishika kidau huyaona yaandikwayo kabla ya wengine, na baada ya muda dawadar mkuu akawa miongoni mwa maamiri wenye nguvu kabisa katika dola. Alama yake ilikuwa picha ya kisanduku cha kalamu, na bado inaonekana kwenye vyombo vya shaba na taa za kioo za enzi ile. Askari waliopanda ngazi kwa upanga walijivunia kuchorewa kidau.

Kisanduku kimoja cha namna hiyo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kimehifadhiwa katika jumba la sanaa la Freer, mjini Washington. Kilitengenezwa mwaka 1210 au 1211 na fundi aliyetia jina lake, Shazi, kwa ajili ya Majd al-Mulk al-Muzaffar, waziri wa dola ya Khwarazm. Ni cha shaba, kirefu na chembamba, ncha zake zimeviringwa, na uso wake wote umetiwa nakshi za fedha na shaba nyekundu. Maandishi yake yanampamba mwenyewe kwa vyeo na sifa, na baadhi ya herufi zimechorwa zikiishia kwenye vichwa vya watu na wanyama, kana kwamba neno limeota uso. Miaka kumi baadaye Wamongolia waliifagia dola ile. Mahali pa kuwekea kalamu palidumu kuliko himaya iliyoandikiwa kwa kalamu hizo.

Nakshi zisimfanye mtu asahau kwamba chombo hiki kilizaliwa na shida za kweli. Wino humwagika, kwa hiyo kidau kikapewa kitako kipana na tumbo zito. Wino hukauka, kwa hiyo mdomo ukafanywa mwembamba na ukawekewa kifuniko. Mafundi wa nchi za Kiislamu walitia ndani ya kidau kitonge cha nyuzi za hariri, kilichoitwa lika. Hariri hunyonya wino na kuushikilia, kwa hiyo hata kidau kikipinduka hakimwagi wote, na ncha ya kalamu ya tete inapozama hukutana na kitu laini badala ya kugonga shaba na kuvunjika. Ulaya tatizo lilikuwa jingine. Wino wao ulipikwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma, ukawa mkali, wenye asidi ya kula madini. Ndiyo maana vidau vyao vya fedha mara nyingi vilikuwa na kikombe cha kioo ndani. Fedha ilikuwa ya macho. Wino ulikaa kwenye kioo.

Kidau cha Ulaya kilichokamilika kilikuwa sinia dogo lenye miguu. Juu yake kulikuwa na chombo cha wino, chombo chenye matundu kama cha chumvi kwa ajili ya unga au mchanga laini wa kukaushia maandishi, na mahali pa kusimamishia kalamu za unyoya wa bata bukini. Wenye uwezo waliongeza kengele ya kumwitia mtumishi apeleke barua.

Kinachojulikana zaidi duniani kati ya vyombo hivyo kilifuliwa mwaka 1752 mjini Philadelphia na Philip Syng, mfua fedha aliyezaliwa Ireland, kwa ajili ya bunge la jimbo la Pennsylvania. Kidau hichohicho kilitumika kwa Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, lenye saini 56, na miaka kumi na mmoja baadaye kwa Katiba, iliyotiwa saini na watu 39. Chombo ni cha kiasi, hakina mbwembwe. Fundi aliijua kazi yake: kila kitu kimepata nafasi, na mkono wa mtu asiyekizoea ungekipata kila kimoja bila kupapasa. Ila uzuri wa chombo hauyasafishi yaliyoandikwa kwa wino wake. Katiba ile iliwahesabu watu waliofanywa watumwa kuwa sehemu tatu kwa tano za mtu katika kugawa viti vya uwakilishi. Wino uliwekwa kwa heshima, na mwanadamu akaandikwa pungufu.

Waswahili husema mchovya asali hachovyi mara moja. Mchovya wino naye alikuwa hivyo, kwa sababu nyingine: unyoya au tete hubeba wino wa maneno machache, pengine mstari mmoja, kisha mkono hauna budi kurudi kidauni. Kidau kikamwekea mwandishi mwendo. Aliandika, akachovya, akakung'uta tone la ziada mdomoni mwa kidau, akaandika tena. Katikati ya mstari na mstari kulikuwa na safari fupi ya mkono, na katika safari hiyo neno lililokuwa ulimini liliweza kupimwa upya. Anayeandika ujumbe wa hasira kwenye simu leo na kuutuma kwa kidole kimoja hana safari hiyo.

Pwani ya Waswahili iliujua mwendo huo vizuri. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono, wakipamba kurasa kwa wino mweusi na mwekundu. Washairi wa tenzi nao walikuwa na desturi ya kufungua utungo kwa kuagiza kwanza vifaa. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa hichohicho, alimtungia utenzi binti yake, Mwana Hashima. Mama alikuwa ameugua mwaka mzima. Kabla ya usia kuanza anamtaka binti aje akae mbele yake pamoja na wino na karatasi. Mtu aliyehisi kwamba siku zake zinahesabika hakulianza neno lake mpaka vifaa vilipokaa mahali pake. Msomaji akipita ubeti huo kwa haraka anakosa jambo: kuweka wino mbele ya mtu ni kumwambia kwamba yanayokuja si ya kupuuzwa.

Unguja, miaka hiyohiyo, kulikuwa na msichana ambaye hakuna aliyemwekea wino. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa 1844, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwamba wasichana walifundishwa kusoma, ila kuandika hapana. Akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama kibao. Binti wa jumba la kifalme, na dawati lake mfupa! Mahali pa kalamu siku zote pamekuwa pia swali la nani ana haki ya kuishika.

Swali hilo liliingia hata kwenye madawati ya shule za kikoloni. Yalitobolewa tundu la mviringo pembeni, na ndani ya tundu kikatumbukizwa kikombe kidogo cheupe cha kauri. Kando yake kulikuwa na mfereji wa kulazia kalamu ya nibu. Tundu mara nyingi lilikuwa upande wa kulia. Mtoto wa mkono wa kushoto alilazimika kuuvusha mkono wake juu ya daftari kila alipochovya, tone likimdondokea kwenye ukurasa, kisha akasutwa kwa uchafu. Seremala aliyetoboa tundu hakuwa na nia mbaya. Hakumfikiria tu mtoto yule.

Kilichokitoa kidau mezani ni kalamu ya gololi. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, alipata hataza yake mwaka 1938, baada ya kuona kwamba wino wa magazeti hukauka upesi. Tarehe 29 Oktoba 1945 duka la Gimbels mjini New York lilianza kuuza kalamu za aina hiyo kwa dola 12.50 moja, bei ya kitu cha anasa. Miaka mitano tu ikatosha kuugeuza mchezo: Desemba 1950 Marcel Bich wa Ufaransa alitoa Bic Cristal, ya bei ya chini kabisa, na hadi leo wapo wanaoiita kalamu yoyote biro, na wengine biki.

Umbo la Bic linasema mengi likitazamwa vizuri. Ina pembe sita kama penseli, hivyo haibiringiki mezani. Kifuniko chake kina ulimi wa kuning'inizia mfukoni. Zamani meza ndiyo iliyoizuia kalamu isianguke. Sasa kalamu imejibebea kizuizi chake mwilini na kuhamia kifuani kwa mwalimu, karani na kondakta. Ni faida isiyopingika, maana mtoto wa fundi viatu na mtoto wa waziri wanaandika kwa kalamu moja, na hilo Shazi wala Syng hawakulifanya. Hasara yake ni ndogo lakini ipo: kitu kinachopotea bila kumwumiza mtu hakuna anayejisumbua kukitafutia mahali.

Hata hivyo mafundi hawakuacha. Huko Tabaka, katika nchi ya Wakisii, jiwe la sabuni bado linachongwa vikopo vya kalamu. Jiwe hilo ni laini, hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu, kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya maji mpaka mishipa yake ya waridi na kijivu itokeze. Na ni zito. Kikopo cha jiwe la Kisii hakipinduki kwa kupigwa kiwiko, sawa na kidau cha zamani chenye kitako kipana. Wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, hufanya hivyo kwa mpingo, mti mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Vitu hivi huuzwa zaidi kwa wageni kama ukumbusho wa safari, ilhali kaunta iliyo umbali wa kituo kimoja cha daladala inafunga kalamu yake kwa uzi.

Madawati ya shule leo hayana tundu la wino tena, wala hakuna anayelihitaji. Lakini baadhi ya maseremala, wakishamaliza kupiga randa ubao wa juu, bado huchukua patasi na kuchimba mfereji mfupi karibu na ukingo wa mbele, kina cha nusu kidole. Haumo kwenye bei. Ubao wa dawati umeinama kidogo kuelekea kwa mtoto, na penseli ikilazwa mferejini inabaki pale pale huku yeye akifungua daftari.