Kabureta ya Dizeli

Kuna fundi wa Gerezani ninayemwita kaka. Kila akikutana na muuza spea mpya, humuuliza: "Una kabureta ya Land Cruiser ya dizeli?" Injini ya dizeli haina kabureta. Mkweli atacheka: "Kaka, unanipima?" Mwingine atasema: "Ipo, subiri nikakuletee stoo." Kwa huyo, kaka hanunui hata nati.

Nilimwambia huo ni mtego, na kumtega mtu si uungwana. Akanijibu, "Sasa ulitaka nimuulize kitu alichonacho? Hapo hata mwongo atasema ipo."

Watu wa maabara wanamwelewa. Kingamwili ni protini inayotakiwa kunasa kitu kimoja tu. Watafiti huinunua iwaonyeshe kitu hicho kilipo. Lakini zipo zinazonasa hata visivyohusika, na tafiti zimepotoshwa hivyo. Chukua vimentini, protini mojawapo ya kiunzi cha seli. Mwaka 1994 watafiti wa Paris walieleza habari za panya waliozalishwa bila vimentini, wakaishi, wakazaana. Kingamwili ya vimentini ikiwekwa kwenye tishu za panya hao inapaswa kunyamaza. Ikisema "ipo", imejiumbua. Kisha ijaribu kwa panya wa kawaida, maana anayesema hapana kwa kila kitu naye si mkweli.

Kingamwili haioni aibu. Mtu je? Mei 2020 hayati Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, zikarudi na korona. Swali lilikuwa halali. Papai haliugui korona. Ila kosa lilikuwa wapi: kwenye kipimo, kwenye sampuli zilizochanganyika, au kwenye mkono wa mtu? Mtego hukuambia kuna kosa. Haukuambii ni la nani.

Mwezi uliopita kijana mmoja dukani alimjibu kaka, "Ipo, subiri." Kaka akageuka, akaondoka. Mimi nikabaki, nikamuuliza mbona amesema vile.

"Leo siku yangu ya pili hapa," akasema, macho chini. "Nilikuwa naenda kumuuliza bosi."

Kaka hajarudi pale mpaka leo. Mimi nilinunua plagi zangu kwa yule kijana, na kabla ya kulipa nikamweleza kwa nini dizeli haina kabureta.