Hodi Kabla ya Picha

Katika Kiswahili, kitenzi kupiga kimetwikwa mizigo mingi. Mtu hupiga bunduki, hupiga picha, hupiga hodi. Wa kwanza anaua, wa pili anachukua sura, wa tatu anaomba idhini ya kuingia. Picha imewekwa kati ya bunduki na hodi, na lugha haikusema ipi kati ya hizo mbili ndiyo nduguye wa karibu. Imemwachia mwenye kamera aamue. Kwa apigaye picha za arusi swali hili ni jepesi, kwa kuwa amealikwa na wenye shughuli. Kwa apigaye picha za ndege, wanyama na nchi, swali ni zito, maana hapo haonekani mtu mlangoni wa kuitikia.

Historia ilianza upande wa bunduki. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka Afrika Mashariki ya Kijerumani akiwapiga picha wanyama usiku kwa mmweko wa unga wa magnesiamu. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliutaja mwanga na bunduki pamoja katika anwani yake, na ng'ombe na punda walifungwa kamba wawe chambo cha simba ili picha ipatikane. Leo kamera imo katika simu ya kila mtu, na ni wachache wafungao punda mtini. Hata hivyo, desturi ya kuingia bila hodi haikufa. Imebadili mavazi tu.

Mahali pafaapo kulipima swali hili ni Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ufukweni magharibi mwa Ziwa Viktoria. Msomaji wa pwani, aliyezoea kuugawa mwaka kwa kaskazi na kusi, atakuta Wahaya wakiugawa kwa mvua. Kuna toigo, mvua za Machi hadi Mei. Kyanda, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Muhanguko, mvua za Septemba hadi Disemba. Na kanda, kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na aghalabu mvua hiyo huingia alfajiri kutoka ziwani. Aliyeamka mapema kutafuta mwanga laini juu ya kisiwa cha Musira hukuta ukuta wa mawingu, akarudi na kamera yake imefunikwa kwa mfuko. Wakati wa kyanda, nyasi huwa rangi ya shaba, moshi wa mbuga zichomwazo huififiza milima, na kahawa huanikwa mbele ya nyumba. Novemba huleta senene, na usiku taa kali za mitego huwaka juu ya mabati yaliyosimamishwa, wadudu wakimiminika kama mvua ya pili. Ziwani nako, hasa mwezi unapoandama, vijidudu visivyo na idadi huibuka majini vikapaa hewani kama nguzo za moshi.

Basi ajaye siku tatu huondoka na rangi za siku tatu. Wala hilo si dhambi. Dhambi, ikiwapo, huanza pale rangi hizo zinapoandikiwa maelezo.

Iko picha moja ya nchi hii ipendwayo kuliko nyingine: vilima vya nyasi vikishuka taratibu kuelekea ziwani, kivuli cha wingu juu yake, hapana nyumba wala mtu. Chini yake huandikwa kwamba hii ni nchi ambayo mkono wa binadamu haujaigusa. Wahaya huiita nchi hiyo rweya, nayo imeguswa kwa muda mrefu mno. Uchimbuzi wa akiolojia ulioanzishwa na Peter Schmidt mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Katuruka, na baadaye Kemondo, ulifichua mabaki ya tanuri za chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Chuma hutaka makaa, na makaa hutaka miti. Wataalamu wameihesabu kazi ya wayeyushaji wale miongoni mwa sababu za misitu ya kale kurudi nyuma. Kile mtalii akionacho kuwa ni mwanzo wa dunia kimepitiwa na shoka la mhunzi.

Tena, rweya haikukaa bure baada ya hapo. Kwa vizazi vingi nyasi zake zilikatwa zikatandazwa chini ya migomba, zikaezekwa nyumba, zikatandikwa sakafuni mgeni apate pa kuketi. Ng'ombe walilishwa humo mchana, na jioni wakarudi nyumbani na samadi yao. Wanawake walilima humo njugu mawe, kisha wakaiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa liizungukalo nyumba, kimenawiri kwa rutuba iliyobebwa kichwani na mgongoni kutoka rweya. Mpiga picha akikipiga kibanja akakiita kijiji, kisha akaipiga rweya akaiita pori, amekikata kiwiliwili kimoja vipande viwili na kukipa kila kipande jina la peke yake.

Atatokea wa kupinga, na hoja yake isipuuzwe. Atasema: mpiga picha hakuahidi kuandika historia. Sura ya binadamu imekwishajaa kila mahali, kwenye fedha, kuta na magazeti. Je, ndege na nyasi wasipewe walau fremu moja ya peke yao? Uzuri nao una haki. Isitoshe, ni picha za namna hiyo zilizowafanya watu wa mbali waone thamani ya viumbe ambao wasingewajua kamwe.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu, na nusu iliyosalia inaonyeshwa na ndege mmoja. Mbayuwayu wa buluu, mwenye manyoya ya kung'aa na mkia wa nyuzi mbili ndefu, huzaliana kusini, kuanzia Afrika Kusini hadi Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania. Kusini kukiingia baridi, yeye hupaa kuja kando ya Ziwa Viktoria, na hukaa takriban kuanzia Aprili hadi Septemba katika mbuga za nyasi, zikiwemo zile za Minziro, katika wilaya ya Missenyi iliyomegwa kutoka Bukoba Vijijini. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Huyu hakai msituni. Anataka nyasi zilizo wazi, apate kuruka chini chini akikamata wadudu. Nyasi zikifungwa na miti, hana pake.

Na hapo ndipo neno "tupu" linapoanza kuuma. Picha ya rweya isiyo na mtu husema kimyakimya kuwa nyumba hii haina mwenyewe, na palipo tupu hualika mwenye mpango. Katika miongo ya karibuni sehemu za rweya huko Bukoba na Muleba zimegawiwa watu na kupandwa misonobari na mikaratusi. Miti hiyo ina faida yake: mbao, kuni, fedha ya kumsomesha mtoto. Lakini penye misonobari mwanamke hapati pa kulima njugu mawe wala nyasi za kutandaza kibanjani, na mbayuwayu hapati pa kuwinda. Mkata nyasi na ndege, ambao fremu iliwatenga kana kwamba mmoja ni uchafu machoni pa mwenziwe, wanapoteza uwanja mmoja kwa siku moja. Aliyemfuta mtu ili ndege apendeze hakumlinda ndege.

Zipo nchi ambazo kukosekana kwa watu ndiko sheria ilikotaka. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na humo makazi na malisho hayaruhusiwi. Picha isiyo na mtu ikipigwa humo inasema kweli juu ya leo. Ikidai kusema juu ya siku zote, imerudi kule kule kwenye nchi isiyoguswa.

Kupiga hodi, basi, ni kufanya nini? Kwa binadamu jambo liko wazi: kuuliza, kungoja jibu, na kukubali kwamba "hapana" nalo ni jibu. Ndege hatamki karibu, lakini anajibu. Akiendelea kula, amekaribisha. Akinyanyua shingo na kunyamaza, ametahadharisha. Akiruka akayaacha mayai juani, amekataa, na picha ipigwayo baada ya hapo ni ya wizi hata ingekuwa nzuri namna gani. Anayerudi toigo na kyanda, muhanguko na kanda, hujifunza majibu hayo kama mtoto ajifunzavyo adabu za nyumba ya watu. Hujifunza pia kwamba misimu yake minne si misimu ya kila kiumbe: kyanda ya Kagera, mbayuwayu huiishi kama mapumziko ya safari, na nusu nyingine ya mwaka wake iko kusini ambako kamera ile haifiki.

Haitakiwi kila fremu ijazwe watu. Yatosha maelezo yaliyo chini ya picha yasikanushe kilichoachwa nje: jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, mwezi, na jina la kazi inayofanyika pale. "Rweya, Muleba, Julai, nyasi zimekatwa wiki iliyopita kwa ajili ya migomba." Mtazamaji aliye mbali, akisoma hivyo, atajua kuwa nyumba hii ina mwenyewe, na kuwa aliyeingia alibisha kwanza.