Ndoa ya Kamba Shingoni

Wajukuu zangu wa Makiso na Mangobo, hapa Kisangani, filamu ya The African Queen ina kipande cha kwetu. Mwaka 1951 John Huston alileta kamera zake kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Hadithi yenyewe ni ya 1914: Rose, dada wa mmisionari, na Charlie, fundi wa boti, wanakamatwa na Wajerumani na kuhukumiwa kunyongwa. Charlie anamwomba kapteni wa meli yao awafungishe ndoa kwanza. Kapteni anawaoza, mara meli inalipuka, nao wanaogelea wakiwa mume na mke.

Mwisho huo unagusa moyo, lakini nawasihi msichague mchumba kwa kuufuata. Ni rahisi kuoana na mtu unayedhani mtaishi naye dakika moja. Hapo hakuna shemeji, hakuna kodi ya nyumba, hakuna mtoto mwenye malaria usiku wa manane. Tazameni kipande cha katikati. Mhimili wa boti umepinda, rafadha imevunjika, na Charlie amekata tamaa. Rose hakubali. Wanapiga mbizi wote wawili, wanawasha moto ufukoni, wananyoosha chuma mpaka boti linaondoka. Pale ndipo walipojuana, na kapteni alikuta kazi imekwisha.

Wale hawakuwa na mzee wa kumuuliza. Ninyi mnao, nasi wazee tuna kosa letu: wengine wanaandika orodha ndefu ya mahari kana kwamba binti ni deni la kulipwa. Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mahari itolewe walau sehemu yake kabla ya ndoa kufungwa, lakini inataka pia kila mchumba akubali yeye mwenyewe. Basi binti yangu, baba akishapokea mbuzi na pesa, bado neno ni lako. Ukiulizwa, sema ukweli, hata kama ukumbi mzima umekaa kimya kukungoja.

Nawe kijana, kabla hujapeleka bahasha kwa wakwe, nenda na mchumba wako sokoni, nenda naye msibani. Mwone anavyomjibu mchukuzi aliyemkanyaga, anavyosema na mdogo wake wakati wote wana njaa. Mwache naye akuone wewe siku huna hata franga. Mkiwa bado mnasitasita, ahirisheni. Wakwe watangoja.