Aliyepotea Angani: Ana Lawama au Hana?

Liko neno moja jepesi ambalo watu wengi hulikimbilia wapatapo kulaumiwa, nalo ni "Sikukusudia". Aliyevunja chombo cha jirani yake husema hivyo, na aliyechanganya hesabu ya amana hata ikapungua husema hivyo. Neno hili lina haki yake, kwani sharia imetofautisha baina ya mwenye kukusudia na mwenye kukosea. Lakini je, latosha peke yake kumtoa mtu lawamani? Nimeona tulipime swali hili kwa mfano usiozoeleka mitaani kwetu, nao ni wa rubani wa ndege ndogo anayeingia, bila ya kujua, katika anga lisilo ruhusa kwake.

Fikra hii ilinijia nilipokuwa Kware, upande wa Kitengela, katika Kajiado. Mtu akiinua kichwa hapo huona ndege kubwa na ndogo zikipita. Kaskazini, ng'ambo ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, viko viwanja viwili vilivyo jirani: Wilson, ambao ni wa ndege ndogo na wa shule za urubani, na Jomo Kenyatta, uliofunguliwa Embakasi mwaka 1958, unaopokea ndege kubwa za mataifa. Chini, mchungaji wa Kimaasai hupita na ng'ombe wake, naye aijua mipaka: hapa ni malisho ya wote, pale ni mahali palipotengwa kwa ajili ya ndama. Juu nako kuna mipaka, ila haina ua wala jiwe la kuonyesha.

Kandokando ya viwanja vikubwa hutengwa sehemu ya anga ambayo ndege haiingii ila kwa idhini ya mwongozaji, naye huombwa kwa redio. Sehemu nyingine haianzii ardhini bali huanzia juu, hata rubani akawa na haki akiruka chini, na akawa mkosa akipanda futi mia chache tu. Rubani arukaye kwa kutazama barabara, mito na vilima huweza kupotea kwa sababu ndogo: upepo umemsukuma kando, wingu limemziba, amedhani barabara hii ni ile, ramani yake ni ya zamani, au ameshughulishwa na mazungumzo. Hakukusudia ovu lolote. Lakini huenda mbele yake pana ndege iliyojaa watu, nayo yashuka, haina nafasi ya kumkwepa.

Uzito wa jambo hili si wa kudhania. Tarehe 5 Machi 2024, juu ya mbuga hiyo hiyo, ndege ndogo ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa imetoka Wilson kuja Diani, huku kwetu pwani. Wawili waliokuwa katika ile ndogo walifariki. Watu 44 wa ile kubwa walirejea salama. Simtii yeyote makosani, wala sisemi kwamba alikuwako aliyepotea njia. Nalitaja ili tujue ya kuwa huko juu, nafasi baina ya salama na msiba ni ndogo mno.

Basi tuje kwenye hukumu. Mwenye kukosea si wa namna moja, bali ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni aliyefanya yote yaliyompasa, kisha akashindwa na lililo nje ya uwezo wake. Huyu hana dhambi. Hata hivyo, tazama hekima ya Qur'ani katika Suratun-Nisaa: aliyeua kwa kukosea hakuwekwa daraja moja na aliyeua kwa makusudi, walakini hakuachwa aende zake. Amewekewa kafara, na diya kwa jamaa wa maiti ila wakisamehe wenyewe. Maana yake ni kwamba dhambi huondoka, lakini haki ya mwenzio haiondoki.

Wa pili ni aliyekosea kwa sababu hakujiandaa. Tarehe 11 Mei 2005 ndege ndogo yenye watu wawili, mmoja wao mwanafunzi, iliingia katika anga lililokatazwa la Washington, huko Marekani. Maelfu ya watu walitolewa mbio katika majumba ya serikali. Nia mbaya haikuonekana, lakini rubani mwenye dhamana alifutiwa leseni, kwa kuwa hakutazama khabari za hali ya hewa wala matangazo wanayowekewa marubani kabla ya safari. Mwanafunzi hakuadhibiwa. Huu ni uadilifu: aliulizwa yule aliyekabidhiwa amana. Ujinga wa mtu aliyeweza kuuliza asiulize si udhuru. Na Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa mchungaji achungaye kando ya himaa, yaani malisho yaliyokatazwa, kwamba yu karibu kuingia ndani yake. Rubani mwenye akili hauchungulii mpaka. Huacha nafasi baina yake na mpaka huo, ili upepo ukimsukuma asukumwe ndani ya halali yake.

Wa tatu ni aliyetambua kuwa amepotea, kisha akanyamaza kwa haya. Redio anayo mbele yake, na masafa ya 121.5 yamewekwa kwa ajili ya wenye dhiki. Neno moja, "Nimepotea", lingemwezesha mwongozaji kuwaepusha wengine. Asiposema, kosa lake la kwanza lilikuwa bahati mbaya, lakini kimya chake ni makusudi. Hapa ndipo "Sikukusudia" lisipofaa tena.

Lakini wenye mamlaka nao wana wajibu. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea ikaingia anga la Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa, wakafa watu 269. Mwaka uliofuata mataifa yalikubaliana kuongeza katika Mkataba wa Chicago wa 1944 kwamba silaha isitumiwe juu ya ndege ya raia iliyo angani. Na Marekani, tangu mwaka 1976, rubani aliyekosea bila ya kukusudia huweza kuandika khabari yake kwa siri ndani ya siku 10, nayo hupokelewa na NASA, si na watoao adhabu; akitimiza masharti, huepushwa na adhabu. Walifahamu kwamba ukimpiga kila anayekiri, unawafundisha wote kuficha.

Ndugu zangu, wengi wetu hatutarusha ndege kamwe. Lakini yuko miongoni mwetu ashikaye mali ya yatima, auzaye dawa, aendeshaye gari lililojaa watoto wa chuoni. Kila mmoja ajiulize kabla ya safari: nimeuliza nisilolijua? Nimejitenga na mpaka? Na nikipotea, nitasema mapema? Nasi tunaoambiwa, tumpokee msemaji kwa namna itakayomfanya wa pili naye aseme.